Majani ya Namba ya Marehemu

Baba alifariki Aprili 1986, mvua za masika zikiwa zimekolea, msimu ambao chai huchipua kwa kasi kuliko mikono inavyoweza kuchuma. Naanza na mwezi kwa sababu ndio uliotutia mashakani. Angefariki Januari, wakati wa kiangazi, tungepata muda wa kulia kabla mtu hajauliza majani yatapimwa kwa namba ya nani. Lakini chai haingoji matanga. Zikipita wiki mbili bila kuchumwa, yale majani mawili na kichipukizi hukomaa yakawa magumu, na karani wa mizani huyatupa kando bila hata kukutazama usoni.

Kwetu ni Konoin. Leo utaambiwa ni Kaunti ya Bomet. Wakati ule ilikuwa Wilaya ya Kericho, na tofauti hiyo ilikuja kutugharimu miaka. Baba alikuwa na ekari chache mtelemkoni, karibu nusu yake chai. Alipanda katika miaka ya sitini, shirika la chai la KTDA lilipokuwa limeundwa mwaka 1964 na wakulima wadogo wakaanza kuchuma chai yao wenyewe kando ya mashamba makubwa ya kampuni za Waingereza. Hati ya shamba ilikuwa na jina moja, lake. Ndivyo sheria ya ardhi ya 1963 ilivyotumika kwetu: familia nzima ilikaa ndani ya jina la mwanamume mmoja, na maadamu alikuwa hai hakuna aliyeona kasoro.

Mkulima wa chai ni namba. Kila gunia linapotundikwa kwenye mizani ya kituo, namba huandikwa kwenye risiti. Mwisho wa mwezi kilo zote za namba hiyo hugeuka pesa. Kisha mwaka wa chai unapofungwa Juni na hesabu kukamilika, huja bonasi, ambayo ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka mabati tangu Litein hadi Mogogosiek. Karani wa kituo chetu alikuwa kijana mstaarabu, tuliwahi kusoma naye. Alimwambia mama kwa upole: "Mama, mimi nitapima tu. Lakini pesa zikifika benki, atakayetia sahihi ni mwenyewe."

Mwenyewe tulikuwa tumemzika Jumamosi.

Tukafanya walichofanya wengi. Tukapitisha majani kwa namba ya baba mdogo. Alikubali siku hiyo hiyo, na pesa za mwezi alizileta zote bila kukata hata senti. Bonasi ilipofika alileta sehemu, akaeleza mambo ya mbolea, maana mbolea hukopeshwa kisha hukatwa kwenye malipo. Mwaka uliofuata sehemu ikapungua na maelezo yakaongezeka. Simlaumu sana. Pesa ikishaingia mfukoni mwa mtu kwa jina lake, kuitoa kunahitaji moyo ambao watu wengi hupewa kwa kiasi. Lakini mama alianza kuelewa kwamba kila mwaka ambao shamba lilibaki kwa jina la marehemu ulikuwa na bei yake, na kwamba bei hiyo tulikuwa tukiilipa sisi.

Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, najua Kiswahili na Kiingereza. Mama alijua Kikipsigis na Kiswahili cha sokoni. Nikawa ndiye wa kusoma, kuandika na kuulizwa.

Tulipoanza kulihamisha shamba kwa jina la mama, jambo la kwanza tuliloulizwa ni kitambulisho chake. Hakuwa nacho. Wasomaji vijana huenda wakashangaa, lakini hadi 1978 sheria ya kuandikisha watu nchini Kenya iliwahusu wanaume peke yao. Mkoloni alileta kipande ili ajue mwanamume Mwafrika anafanya kazi kwa nani na ametoroka lini, mwanamke hakuhesabiwa. Uhuru ukaja, ikapita miaka 15 ndipo sheria ikabadilishwa. Wanawake wa mjini walikwenda kupigwa picha. Wa kwetu waliuliza cha nini, na kwa kweli hakuna aliyewajibu mpaka waume zao walipokufa.

Basi tukaenda. Wazee wakashuhudia kuwa ni mzaliwa, mwaka wa kuzaliwa ukakisiwa, fomu ikajazwa, ikabaki alama za vidole. Yeyote aliyewahi kuchuma chai anajua vidole hivyo. Utomvu wa jani huingia kwenye ngozi ukageuka rangi ya udongo uliochomwa, hautoki kwa sabuni wala kwa majivu, na kule kukata chipukizi kutwa nzima kwa gumba na kidole cha shahada hulainisha ncha mpaka mistari inapotea. Karani alikishika kidole cha mama, akakibingirisha kwenye wino, akakikandamiza kwenye fomu. Likatoka doa. Akakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akarudia. Doa lile lile. Akaniambia: "Mwambie mama yako vidole vyake havina mistari. Apumzike asichume kwa muda, apake mafuta, ngozi ikirudi mje."

Nikamweleza mama. Akamtazama yule kijana kwa utulivu, kisha akaniambia kwa Kikipsigis, "Mwulize, nikipumzika, atakayechuma ni nani? Yeye?"

Hilo sikulitafsiri. Nilisema tutarudi.

Tulirudi kiangazi, chai ilipopungua. Kitambulisho kilikuja baada ya muda mrefu, na picha iliyomwonyesha mama kama mtu aliyekamatwa. Alikifunga ndani ya leso pamoja na risiti zote za baba, na leso hiyo ilikuwa ndiyo ofisi yetu.

Cheti cha kifo nacho kilikuwa na mkasa wake. Baba alifia nyumbani, na kifo cha nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu, ambaye huandika jina kama anavyolisikia. Jina la baba la kuzaliwa lilikuwa Kiplangat. Sisi Wakipsigis huitamka na kuiandika hiyo n. Ndugu zetu Wanandi husema Kiplagat. Naibu wa chifu aliandika bila n. Kwenye daftari la ardhi baba alikuwa na jina la ubatizo, halafu arap na jina la baba yake, kama ilivyo desturi ya mwanamume aliyetahiriwa. Kiplangat haimo kabisa. Kwenye namba ya chai alikuwa na jina la ubatizo na Kiplangat. Kwa hiyo serikali ilikuwa na watu watatu, mmoja mwenye shamba, mmoja mwenye chai na mmoja aliyekufa, na kazi ikawa yetu kuthibitisha kwamba wote watatu wamelala kaburi moja.

Dawa yake ni hati ya kiapo. Chini ya varanda za miji yetu walikuwapo wapiga taipu, wazee waliojua sheria kuliko mawakili wengine, wenye mashine nzito na karatasi za kaboni zilizotobolewa na kutumika. Yule aliyetuandikia alivaa tai siku zote, hata mvua ya mawe ya Kericho ilipokuwa ikipiga bati hadi hamsikilizani. Aliniuliza jina, akapiga, akaniuliza tena herufi moja moja. Ndiye mtu wa kwanza katika safari ile yote aliyetaka kujua jina la baba lilikuwa nani hasa.

Barua ya chifu ya kutaja warithi ilikuja 1988. Huo ndio mwaka wa uchaguzi wa mlolongo, watu walipojipanga nyuma ya wagombea huku wakihesabiwa, na chama kilikuwa kimoja. Chifu wetu hakuandika barua ya mtu yeyote kabla ya kuona risiti ya chama. Mama alinunua kadi. Kisha chifu akaandika orodha ya warithi: mama na wavulana watatu. Sisi wasichana wanne hatukuwamo. Mama aliposema, alijibiwa kwa upole kabisa, kama mtoto anayefundishwa, kwamba wasichana wataolewa, watapata kwingine.

Kuhusu hili nina jambo ambalo wenzangu hawapendi nikilisema. Tumezoea kumlaani karani mkali, anayerudisha fomu kwa nukta. Lakini aliyetuingiza sisi wasichana kwenye mali ya baba yetu ni karani mkali. Mahakamani alisoma barua ya chifu, akahesabu watoto waliotajwa kwenye karatasi nyingine, hesabu ikakataa. "Watoto ni saba, hapa kuna watatu. Wengine wamekufa?" Mama akasema hapana, ni wasichana. Akairudisha barua chini ya dirisha: "Sheria haijauliza wasichana au wavulana. Imeuliza watoto."

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilipitishwa 1972, ikalala, ikaanza kutumika Julai 1, 1981, karibu miaka mitano kabla ya baba kufa. Mjane asiyeolewa tena hutumia shamba maisha yake yote, watoto hugawana sawa, na mtoto ni mtoto. Ungevuka mpaka wetu ukaingia Narok, ardhi ya kilimo iliachwa mikononi mwa mila, kwa kuwa Narok ni miongoni mwa wilaya zilizotengwa. Kericho haikuwa kwenye orodha hiyo. Chifu aliandika barua upya. Hakufurahi, na kaka yangu mmoja pia hakufurahi, lakini muhuri ulipigwa.

Mashaka ya mahakama sitayasimulia yote. Hakimu wa wilayani aliruhusiwa kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi 100,000, na chai ilikuwa imepandisha thamani ya shamba letu juu ya hapo. Kwa maneno mengine, bidii ya baba ndiyo iliyotuhamishia Mahakama Kuu, mji wa mbali, kwa wakili na kwa nauli. Aliyekufa na shamba lake la nyasi tupu alimalizwa karibu na nyumbani. Mama aliuza mtamba. Ombi likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lile ambalo hutoka Ijumaa na kusomwa na mawakili, na siku 30 zikatolewa kwa mwenye pingamizi. Nilikuwa na hofu ya baba mdogo. Hakuweka pingamizi, kwa heshima yake, au kwa kuwa hakujua kuna gazeti kama hilo. Hati ya usimamizi ikatoka. Ikabidi ipite miezi sita ndipo ithibitishwe. Uthibitisho nao ukaahirishwa, kwa kuwa jaji alikuwa na kesi nyingine, au likizo, au kwa sababu isiyosemwa.

Wakili alikuwa amemwonya mama pia kwamba, kwa mujibu wa sheria, kugusa mali ya marehemu kabla ya hati ni kosa. Mama, ambaye alikuwa akichuma chai ile kila siku ili alipie hati, aliitikia kwa kichwa.

Uthibitisho tulipoupata tulidhani tumefika. Ilibaki ofisi ibadilishe jina kwenye daftari tu. Kisha mwaka 1992 Kericho ikakatwa, na Bomet ikawa wilaya.

Kijijini tulicheza. Tulikuwa tumechoka kusafiri kwenda Kericho kwa kila muhuri, barabara ya kutoka kwetu ikiwa tope nusu ya mwaka. Kwa miezi ya kwanza hakuna aliyetuambia kwamba wilaya ikigawanywa, majalada nayo hugawanywa. Ofisi ya zamani ikatueleza kwamba sisi si watu wao tena. Ofisi mpya ilikuwa vyumba ambavyo bado vilinuka rangi, wakubwa wakiwa na mihuri lakini hawana makabati. Ikatuambia majalada ya upande wetu hayajafika. Yatafika lini? Yakifika mtajua. Mtajuaje? Muwe mnakuja. Mwaka ule wenyewe haukuwa wa kusafiri ovyo. Kulikuwa na mapigano ya kikabila sehemu kadhaa za Bonde la Ufa, na Desemba ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Kila afisa aliyekuwa anatufahamu alihamishwa, na kila mgeni alitaka tuanze mwanzo.

Aliyetutoa ni tarishi. Mzee wa koti la kaki, mwenye ndoo ya chai mkono mmoja na mafaili mkono wa pili, ambaye hakuna mtu kwenye foleni aliyewahi kumsalimu kwa sababu hakuwa na dirisha. Mama alimsalimu. Wakagundua wana ukoo wa mbali, kama ambavyo Wakipsigis wawili wakikaa robo saa lazima wagundue. Akatuita pembeni akatufundisha jinsi masjala inavyofanya kazi. Faili haitoki pale bila kuandikwa kwenye daftari: tarehe, namba, jina la aliyeichukua, sahihi. "Mnauliza faili iko wapi," akasema. "Hilo swali halina mwenyewe. Ulizeni ni nani alitia sahihi."

Niliuliza hivyo hivyo, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika. Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. Daftari likafunguliwa. Faili ilikuwa imetiwa sahihi katika kundi la "kuhamishwa", ikafungwa kwa kamba ya katani pamoja na nyingine nyingi, ikawekwa stoo kungoja gari, na gari lilikuwa halina mafuta. Halikuwa na mafuta kwa zaidi ya mwaka. Mama akauliza kwa nini zisibebwe na matatu. Karani akashtuka: "Mama, faili ya serikali haipandi matatu."

Ilipanda. Iliketi juu ya magoti ya yule mzee wa koti la kaki, ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, kutoka ofisi moja hadi nyingine kupitia Litein na Kaplong, kwa barua rasmi ya mkubwa wake ambaye hatimaye alichoka kutuona. Mama alilipa nauli na chakula cha mchana, ugali na nyama na maziwa lala. Kuna watu wameniambia hiyo ilikuwa hongo. Nimewaza sana neno hilo, kwa sababu tuliombwa hongo halisi mara nyingi, na mara nyingine tulitoa. Ile ya Kaplong mimi naiita mafuta ya gari la serikali.

Nikiwa kwenye mabenchi hayo nilijifunza pia kwamba sisi hatukuwa wa mwisho kwenye foleni. Kulikuwa na wazee wa ukoo wa Talai, ambao mababu zao walihamishwa na Waingereza mwaka 1934 kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao tu, wakatupwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, na waliporudi karibu na uhuru hawakuwa na pa kurudi. Walikuwa na makaratasi yaliyokunjwa hadi yakapasuka kwenye mikunjo. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka 2022 wakapeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Nikisoma habari zao gazetini huona haya kulalamika kwamba shamba letu lilichukua miaka tisa.

Hati ya mama ilitoka 1995. Benki ikafungua akaunti ya marehemu, ikakata ilichokata, ikatoa kilichobaki, nacho hakikutosha kununua mtamba kama ule uliouzwa. Namba ya chai ikawa yake. Muda si muda serikali ikatangaza vitambulisho vya kizazi kipya, wote waandikishwe tena. Mama alikwenda peke yake safari hiyo. Wakati huo wakaza wanawe ndio waliokuwa wakichuma, na vidole vyake vilitoa mistari yote.

Mengi yamebadilika. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti, Huduma Centre zikaja tangu 2013, na wajukuu zangu huomba cheti cha kuzaliwa kwa simu wakiwa wamelala. Sioni sababu ya kubeza hilo. Lakini mirathi bado huanzia kwenye barua ya chifu, bado hupita kwenye Gazeti la Serikali, na bado kuna nyumba nyingi huku kwetu ambazo chai yake hupimwa kila asubuhi kwa namba ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Nawajua. Wengine wananunua mbolea kwa jina la babu.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, nenda kwa chifu wiki hii na ndugu zako wote, wanawake kwa wanaume, na mkahesabiwe nyote kwenye barua kabla haijapigwa muhuri. Chukua cheti cha kifo, hati ya shamba na risiti ya chai, uviweke mezani pamoja, usome majina herufi kwa herufi. Na kama mzee wako yuko hai na ana nguvu, mpeleke akayasahihishe mwenyewe, kwa kidole chake.